Mtu Akiinama, Ni Nini Kinachoinama

"Mtu akiinama, ni nini kinachoinama?"

Bwana Ogutu aliniuliza swali hilo siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa bado nimeshika bahasha yenye shahada yangu ambayo karani alitaka kuitolea nakala. Nikamjibu haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake: "Mgongo."

"Eeh," alisema. Akageuka mwili mzima, kama mtu anayehamisha kabati, akarudi kwa mgonjwa wake. Hakuniambia nimepata wala nimekosa. Nilijua nimekosa.

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo ya fiziotherapia mwaka huu, nawaandikia kama mstaafu. Chekeni tu. Nina miaka thelathini na sita, nilipima migongo ya watu kwa miaka kumi, na sasa nafuga samaki kwenye vizimba huku ziwani. Mama yangu, aliyekuja Kisumu kutoka Nyeri akiwa na cherehani moja na anauza vitambaa hadi leo, anasema ningekaa kazi moja muda mrefu kama ningezaliwa mti. Sikuondoka kwa ubaya. Mimi ni mtu wa kuuliza, na maswali yangu ya migongo yalipoanza kupungua niliona afadhali niwaachie nyinyi. Lakini kuna jambo moja ambalo karibu niliharibu, na sitaki mlijifunze kwa njia niliyojifunza mimi.

Kliniki yetu ilikuwa ya kanisa, vyumba vitatu na veranda, pembeni mwa mtaa wa Nyalenda. Bomba la maji la mtaa lilikuwa mbele ya lango letu, kwa hiyo asubuhi foleni ya maji na foleni ya wagonjwa zilichanganyika mpaka karani akawa anauliza, "Wewe ni wa mgongo au wa mtungi?" Wengine walikuwa wa vyote viwili.

Bwana Ogutu ndiye aliyekuwa mkubwa wangu. Alikuwa na cheti tu, cha zamani, na miaka karibu thelathini ya kazi. Mimi nilikuwa na shahada na karibu wiki tatu. Aliniita "daktari", na hakuwa ananiheshimu. Alikuwa akipima mgongo ameketi kwenye kiti kirefu kisicho na egemeo, nyuma ya mgonjwa, macho yake yakiwa sawa na kiuno cha mtu. Nilidhani ni uvivu. Kalamu ikimwanguka alisema bila kutazama chini, "Okota, daktari." Nilidhani ni kiburi cha watu wa cheti wanapopata mtu wa shahada wa kumtuma. Niliokota kalamu ile mara nyingi kuliko nilivyosalimiwa.

Mimi nilihoji kila kitu. Alinionyesha namna anavyopima: unatafuta vile vishimo viwili vilivyo chini kabisa ya mgongo, juu ya makalio, unachora mstari kati yake, kisha unaweka alama sentimita kumi juu ya mstari na sentimita tano chini yake. Jumla kumi na tano. Mgonjwa akiinama, ngozi inavutika pamoja na pingili za uti wa mgongo, na zile kumi na tano zinarefuka. Kwa kijana mwenye afya mara nyingi zinafika ishirini, hata zaidi. Kama hazirefuki, kuna kitu kimekaza huko ndani.

"Kwa nini kumi juu na tano chini? Kwa nini si saba na nane?"

"Daktari, wewe ulizaliwa ukiuliza au ulianza baadaye?"

Lakini kuna siku kuuliza kwangu kulimshinda. Tepu ya kliniki ilikuwa ya kitambaa, kama za mafundi cherehani, na ilikuwa imechoka. Mimi nimekulia kwenye duka la vitambaa. Najua tepu ya kitambaa huvutika, na mteja hurudi na sketi inayoanguka. Nikailaza juu ya rula ya chuma. Kufika sentimita ishirini, ilikuwa imekosea karibu nusu sentimita. Nikampelekea Bwana Ogutu nikiwa nimejiandaa kwa vita. Alitazama rula, akatazama tepu, akachukua makasi akaikata vipande viwili pale pale. Kipande kimoja akafungia mlango wa kabati uliokuwa haufungi. "Kesho lete mpya kutoka kwa mama yako," alisema. Hakuongeza neno. Ndiyo mara ya kwanza nilipofikiri huenda mzee huyu ni mkweli.

Makosa yangu mengine yalikuwa ya kuchekesha zaidi. Nilipima mtu juu ya shati, nikapata namba nzuri sana za shati. Nilitumia kalamu ya kawaida kwenye joto la Kisumu, jasho likafuta alama kabla mgonjwa hajainama. Basi nikanunua kalamu ya wino usiofutika. Wiki iliyofuata akaja mwanakwaya mmoja, mtu mnene mwenye sauti nzito, akasimama mlangoni. "Madam, mke wangu anataka kujua ni nani amenichora huko nyuma." Nilimwandikia mke barua. Bwana Ogutu alicheka mpaka akashika ukuta.

Zilipokuja zile programu za simu za kupima mwinamo, nilifurahi kwamba enzi ya tepu imekwisha. Nikampima mtu mmoja mara tatu, nikapata majibu matatu. Simu haikuwa mbovu. Ni mimi nilikuwa naiweka mahali tofauti kila mara. Kwa hiyo msinunue kifaa kabla hamjajifunza kutafuta vile vishimo viwili kwa vidole, macho yakiwa yamefumbwa.

Sasa nije kwa Akoth.

Alikuja saa nane mchana, msichana wa miaka ishirini na sita kutoka Asembo Bay, ameolewa, kazi yake kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Barua aliyokuja nayo ilisema maumivu ya mgongo, miezi mingi. Nikamuuliza maswali yote kama nilivyofundishwa na nikaandika majibu yote. Kisha nikamwambia ainame, magoti yasikunjike, ajaribu kugusa sakafu kwa vidole.

Hakugusa kwa vidole. Aliweka viganja viwili chini, vyote, kama mtu anayepiga chapati.

Mimi mwenyewe sijawahi kufika hata kwenye vifundo vya miguu yangu. Nikapima umbali kutoka vidole hadi sakafu: sifuri. Nikaona hakuna haja ya tepu, na foleni ilikuwa ndefu. Nikaandika kwenye faili, na kwenye karatasi ya kwenda nayo nyumbani: "Mwendo wa mgongo ni kamili. Hakuna kasoro."

"Kwa hiyo sina kitu?" aliuliza.

"Huna kitu, dada. Hiyo ni habari njema."

Hakufurahi. Aliikunja karatasi mara nne, ikawa ndogo kama stempu, akaishika ngumini akaondoka. Niliona. Mimi niliyehoji mpaka tepu, sikuhoji kwa nini mtu aliyepewa habari njema anaondoka namna ile.

Ijumaa ndiyo siku ambayo Bwana Ogutu alisoma mafaili ya wiki. Alifika kwenye la Akoth akaliweka peke yake mezani.

"Huyu alikuja saa ngapi?"

"Saa nane."

"Kazi?"

"Anaanika omena."

"Daktari, wewe umewahi kuona mama anaanika omena?"

"Nimekulia Kisumu, Bwana Ogutu. Nimewaona."

"Simama pale. Nionyeshe."

Nikasimama katikati ya chumba, nikajifanya natandaza omena kwenye wavu uliotandikwa mchangani. Miguu imenyooka, imepanuka kidogo. Kiuno kimekunjwa kama bawaba ya mlango, makalio juu, mikono inakwenda kushoto na kulia. Hivyo ndivyo wanavyofanya, kutwa nzima, tangu wakiwa wasichana wadogo. Nilijaribu dakika moja, nyuma ya mapaja yangu pakawaka moto.

"Sasa," alisema, "mtu akiinama, ni nini kinachoinama?"

Nikabaki nimeinama vile vile.

"Nyonga," nilisema.

"Kwako wewe unayekaa kwenye kiti, ni mgongo na nyonga kidogo. Kwa huyo ni nyonga tu. Mgongo wake unaweza kuwa ubao wa mninga na bado akuwekee viganja chini. Ulitumia tepu?"

"Hapana."

"Soma ulichoandika kuhusu asubuhi."

Nikasoma, kwa mwandiko wangu mwenyewe: asubuhi mgongo unakaza zaidi ya saa nzima, akitembea na kufanya kazi unalegea, akipumzika unazidi. Nilikuwa nimeandika ugonjwa wote kwenye ukurasa wa kwanza, kisha kwenye ukurasa wa pili nikaandika hana kitu. Na nilimpima saa nane mchana, baada ya kazi na safari, wakati ambao hata mgongo uliokaza huwa umelegea kiasi chake.

"Kama ni kile ninachofikiri," Bwana Ogutu alisema, "pingili zinaungana polepole. Zikishaungana hakuna wa kuziachanisha. Mpigie simu."

Nikapiga namba iliyokuwa kwenye faili. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita upande wa pili wa maji. Alikuwa mama mkwe wake, Mama Risper.

"Akoth yuko ufuoni. Wewe nani?"

"Mimi ni Njeri, wa kliniki. Niliyemwandikia karatasi."

"Ah, daktari! Asante sana. Karatasi yako iko ndani ya Biblia yangu. Mimi nilisema kitambo, huyu msichana si mgonjwa. Boti zinafika alfajiri, wenzake wameshatandaza nyavu, yeye bado anashika ukuta ati mgongo. Jua likitoka anakuja anatembea sawa! Mgonjwa gani anapona saa nne? Jumapili kikundi chetu cha waanikaji kinakaa kikao. Nafasi yake ya kuanikia anapewa mtu anayeamka."

Nataka mjue nilichofikiria wakati huo, maana siku moja mtakifikiria na nyinyi. Nilifikiria kumwambia kwamba tunahitaji kumwona tena "kwa uchunguzi zaidi". Maneno hayo ni mazuri, hayamuumizi mtu. Karatasi ingebaki ndani ya Biblia ikisema hakuna kasoro. Bwana Ogutu alikuwa ananitazama, na hakunisaidia.

"Mama," nilisema, "ile karatasi nilikosea."

Nilisikia kuku, na mtu mwingine akiuliza kwa Dholuo ni nani huyo.

"Umekosea vipi? Si wewe umesoma?"

"Nimesoma, mama. Na nimekosea hivyo hivyo. Naomba umlete kesho. Mje mapema, kabla mgongo haujalegea. Mje wote wawili."

"Mapema kutoka Asembo? Tutapaa?"

Wakalala kwa dada yake Mama Risper hapo Nyalenda. Saa moja na nusu asubuhi nilimwona Akoth akija kwenye lango letu akipita kando ya foleni ya mitungi, na sikumtambua. Yule wa saa nane mchana alikuwa mwanamke anayetembea. Huyu alibebwa na miguu yake tu; kutoka shingoni hadi kiunoni hakuna kilichosogea. Mama Risper alikuwa mbele kwa hatua kumi, Biblia kwapani.

Bwana Ogutu alikaa kwenye kiti chake kirefu. Akanipa kalamu na tepu mpya. "Wewe utachora. Mama, unasoma namba?"

"Nauza omena kwa kopo la gorogoro tangu huyu daktari hajazaliwa. Nitashindwa na namba?"

"Basi wewe ndiye utasoma."

Nikavitafuta vile vishimo viwili. Nikachora mstari, kumi juu, tano chini.

"Kumi na tano," akasoma Mama Risper.

"Inama, Akoth. Polepole, mpaka unapoweza."

Hata asubuhi ile, na maumivu yale, vidole vyake vilikaribia sana sakafu. Nilishika tepu juu ya alama.

"Kumi na sita," alisema mama mkwe. Akasogeza uso karibu. "Na nusu."

"Rudia," alisema Bwana Ogutu.

Ikarudiwa mara mbili. Kumi na sita na nusu.

Mama Risper alinitazama, akamtazama Akoth. "Inatakiwa ngapi?"

"Umri wake, kama ishirini."

"Nipime mimi."

"Mama, si lazima..."

"Nimesema nipime."

Akaweka Biblia mezani, akapandisha blauzi, akanigeuzia mgongo. Alikuwa na miaka hamsini na minane na wajukuu watano. Nikachora. Akainama, akiguna. Nikamwonyesha Akoth asome, kwa sababu safari hii msomaji wetu ndiye aliyekuwa anapimwa.

"Kumi na tisa na nusu, mama," Akoth alisema, karibu kwa kunong'ona.

Mama Risper alisimama, akashusha blauzi. "Kumbe mimi kikongwe ndiye ninayeinama," alisema. "Na huyu alikuwa anainama na miguu."

Akafungua Biblia, akatoa karatasi yangu iliyokuwa na mikunjo minne. Akanirudishia.

"Andika nyingine. Na uandike herufi kubwa, kikundi kina watu wasioona vizuri."

Niliandika kubwa. Akoth alianza kulia wakati naandika, nikadhani ni maumivu, nikamuuliza. "Hapana, daktari," alisema. "Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mimi ni mvivu."

Jumatatu tulimtuma kwa daktari wa viungo. Damu ikapimwa, picha zikapigwa, na ikawa kile alichofikiri Bwana Ogutu: ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe inashambulia viungo vya uti wa mgongo, mpaka pingili zinaungana. Zake zilikuwa bado hazijaungana. Nakumbuka nilisoma barua ile ya daktari nimesimama verandani, nikaketi kwenye ngazi katikati ya watu wenye mitungi. Mama mmoja aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia, hapana mama, nimeokoka. Akasema Bwana asifiwe, akanisogezea mtungi nipite.

Akoth alipewa dawa, nasi tukampa mazoezi. Kila baada ya miezi mitatu alirudi tukampima, saa ile ile ya asubuhi, mkono ule ule wa kuchora. Kumi na saba. Kumi na saba na nusu. Kumi na nane, na hapo ikakaa, na sijawahi kufurahia namba iliyokaa mahali pamoja kama nilivyoifurahia ile. Kikundi kilimwachia nafasi yake. Mama Risper ndiye anayetandaza alfajiri, Akoth anakuja jua likitoka kugeuza omena na kuzikusanya. Wanawake wengine walianza kuja kliniki kwa migongo yao, na kabla sijasema neno walikuwa wanasema, "Usinipime na vidole, mimi naanika. Leta tepu."

Kwa hiyo wadogo zangu: ulizeni kazi ya mtu kabla ya kumwambia ainame. Pimeni ngozi tupu, macho yenu yakiwa sawa na kiuno chake. Kaeni chini kama itabidi, si uvivu. Andikeni saa. Someni ukurasa wa kwanza kabla ya kuandika wa pili. Na mkikosea, pigeni simu mseme neno lenyewe, nimekosea. Kile mlichokosea kinaweza kuwa kimehifadhiwa ndani ya Biblia ya mtu.

Bwana Ogutu alistaafu kabla yangu, akarudi kwao upande wa Kombewa. Mwaka jana nilimpelekea samaki kutoka vizimba vyangu. Tulikula, tukabishana kuhusu karibu kila kitu, akanitania kwamba sasa nahoji samaki. Kijiko kikamwanguka.

"Okota, daktari."

Nikainama kuokota, na nikiwa huko chini, mkono kwenye kijiko, ndipo nilipoona. Kile kiti kirefu. Kugeuka mwili mzima kama kabati. Kushika ukuta akicheka. Miaka yote ile mimi, mtu wa maswali, sikuwahi kuuliza kwa nini haokoti mwenyewe.

"Ulianza lini?" nilimuuliza.

"Nikiwa na ishirini na nne. Nilikuwa nalima kwa baba, nafika shambani jua likishachomoza. Walisema ni mvivu. Hakukuwa na mtu wa kupima." Alinitazama, akatabasamu. "Usiweke uso huo. Nimeishi vizuri. Na huyo msichana wako tulimwahi."

Tepu bado huwa iko mkobani mwangu, mazoea tu. Nikamwomba ruhusa. Akavua shati, akasimama, akaweka mikono juu ya meza. Nikavitafuta vile vishimo viwili macho yakiwa yamefumbwa, nikachora kumi juu na tano chini.

Kumi na tano. Akainama mpaka alipoweza, nikasoma tena mara mbili ili niwe na hakika.

Kumi na tano.